Kwa nini potasiamu ni kali kuliko sodiamu, lakini iodini si kali kuliko klorini?

MzaziWaKidato

Habari zenu ndugu zangu. Nina kijana anayesoma kidato cha tatu, na jioni huwa tunaketi pamoja kupitia masomo yake ya sayansi, ingawa mimi mwenyewe niliachana na kemia miaka mingi iliyopita. Wiki iliyopita alirudi na karatasi ya jaribio iliyonitia aibu kidogo, kwa kuwa kosa lililokuwamo lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Swali la kwanza lilimtaka aseme ni elementi ipi humenyuka kwa wepesi zaidi kati ya sodiamu na potasiamu. Alijibu potasiamu, akapata. Swali la pili liliuliza hivyohivyo kuhusu klorini na iodini. Akajibu iodini, akakosa. Nilipomuuliza kwa nini alijibu hivyo, alinikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemwambia kuwa ukishuka chini katika safu wima ya jedwali la elementi, ukali huongezeka, na iodini iko chini ya klorini kama potasiamu ilivyo chini ya sodiamu. Sikuwa na la kumjibu. Darasani naye aliambiwa tu kwamba metali alikali (safu ya sodiamu na potasiamu) huongezeka ukali kwenda chini na halojeni (safu ya klorini na iodini) hupungua, akariri hivyo, basi.

Sipendi akariri kitu ambacho kesho kitamponyoka. Masomo yenyewe anayasoma kwa Kiingereza, na nimegundua kwamba anayataja maneno bila kuyaona. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa Kiswahili: kama familia hizi zote ziko katika jedwali moja na zinafuata kanuni moja, kwa nini familia moja ipande na nyingine ishuke?

MwalimuMstaafu

Ndugu mzazi, kanuni uliyomfundisha mwanao haikuwa ya uongo, ila ilikuwa nusu, na nusu ya kanuni ndiyo inayokosesha watoto alama kuliko ujinga mtupu. Mimi nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na nimeona kosa hili kila mwaka, tena kwa wanafunzi wazuri.

Tuanze na neno lenyewe, familia. Elementi huwekwa katika safu wima moja kwa sababu atomu zake zina idadi ileile ya elektroni katika ganda la nje, na ganda hilo ndilo linalokutana na atomu za jirani. Lithiamu ina elektroni 3, zimepangwa 2 na 1. Sodiamu ina 11, yaani 2, 8 na 1. Potasiamu ina 19, yaani 2, 8, 8 na 1. Kwa upande wa halojeni, florini ina elektroni 9, yaani 2 na 7, na klorini ina 17, yaani 2, 8 na 7. Metali alikali hubaki na elektroni moja nje, na njia fupi ya kufikia utulivu ni kuitoa. Halojeni zina saba, na njia fupi kwao ni kupokea moja. Kwa hiyo swali la "ipi ni kali zaidi" lina sura mbili. Kwa sodiamu na potasiamu tunauliza nani hutoa kwa wepesi. Kwa klorini na iodini tunauliza nani hunyakua kwa nguvu. Mwanao alichukua jibu la kutoa akalipeleka kwenye swali la kunyakua.

Nilipokuwa nafundisha Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa Julai watu huota moto jioni, nilizoea kulieleza hivi. Kiini cha atomu ndicho moto, na elektroni ndio watu walioketi kuuzunguka, duara baada ya duara. Mtu wa duara la nyuma kabisa, ambaye mbele yake ameona migongo tu, hupata joto kidogo, na jirani akimwita huinuka bila kusita. Huyo ndiye elektroni ya nje ya potasiamu. Yule wa sodiamu ana duara moja pungufu mbele yake, kwa hiyo huinuka kwa uzito kidogo, na wa lithiamu, aliyetanguliwa na watu wawili tu, huinuka kwa uzito zaidi.

Sasa mfikirie mgeni anayepita njiani akitafuta mahali pa kukaa. Akiona moto wenye duara mbili na pengo moja, joto humfikia na kumvuta. Hiyo ni florini. Akiona moto uliozungukwa na duara tano, joto linalomfikia ni hafifu hata kama pengo lipo. Hiyo ni iodini. Moto ni uleule na umbali ni uleule, ila yule aliye ndani anataka kutoka na huyu aliye nje anataka kuingia. Kinachorahisisha kutoka ndicho kinachopunguza hamu ya kuingia.

Mwanafunzi mwerevu atakuuliza kuhusu kuni. Ni kweli kwamba kiini cha potasiamu kina protoni 19, yaani chembe zinazovuta elektroni, ambazo ndizo kuni zetu, na cha lithiamu kina 3, hivyo moto wa potasiamu ni mkubwa zaidi. Lakini karibu joto lote la kuni hizo huishia migongoni mwa elektroni 18 zilizo ndani, na ile ya kumi na tisa huambulia kidogo tu, tena ikiwa mbali. Vipimo vinaonyesha hivyo waziwazi. Nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya nje ni kilojuli 520 kwa moli kwa lithiamu, 496 kwa sodiamu, 419 kwa potasiamu, 403 kwa rubidiamu na 376 kwa sesiamu. Mwambie aziandike namba hizo kwa mfuatano na azitazame zinavyoshuka.

Niongeze jambo dogo la historia, kwa sababu watoto hudhani kwamba familia hizi zilibuniwa na watunga mitihani. Zilitambuliwa kwa tabia kabla mtu yeyote hajaijua elektroni, ambayo iligunduliwa mwaka 1897. Mkemia Mjerumani Döbereiner alionyesha mwaka 1829 kwamba elementi fulani huja tatu tatu: lithiamu, sodiamu na potasiamu ni utatu mmoja, klorini, bromini na iodini ni mwingine. Aliona pia kwamba uzito wa ile ya katikati huwa karibu na wastani wa zile za pembeni. Chukua 7 ya lithiamu na 39 ya potasiamu, jumlisha, gawanya kwa mbili, unapata 23, ambayo ndiyo sodiamu. Jedwali la elementi la Mendeleev, mkemia wa Urusi, lilikuja miaka 40 baadaye, mwaka 1869.

MwanafunziWaChuo

Shikamoo mwalimu. Mfano wa moto nimeupenda na nitauchukua. Naomba tu niongeze tahadhari moja, kwa sababu kijana huyu akiendelea na kemia hadi kidato cha tano atakutana na namba zitakazomchanganya, kama zilivyonichanganya mimi hadi nikadhani kitabu kimekosewa.

Tukipima nishati inayotolewa atomu moja inapopokea elektroni, tungetarajia florini iongoze, kwa kuwa ndiyo yenye duara chache. Haiongozi. Klorini hutoa kilojuli 349 kwa moli, na florini hutoa 328. Sababu ni kwamba ganda la nje la florini ni dogo mno, na elektroni saba zilizomo zimebanana bega kwa bega, hivyo mgeni anayeingia husukumwa nazo ingawa moto u karibu. Hata hivyo, florini ndiyo halojeni kali kuliko zote, na hakuna anayebisha.

Jibu liko katika hesabu nzima ya mmenyuko. Halojeni haziishi kama atomu mojamoja. Huishi mbilimbili katika molekuli, na kabla ya atomu kunyakua elektroni ni lazima kwanza itenganishwe na mwenzake. Kuitenganisha molekuli ya klorini hugharimu takribani kilojuli 242 kwa moli, lakini ya florini hugharimu takribani 158 tu, kwa sababu atomu hizo ndogo zikikaribiana elektroni zao husukumana. Kisha, ioni ya floridi, yaani atomu ya florini iliyokwisha kupokea elektroni, kwa udogo wake, husogeleana sana na ioni za metali, yaani atomu za metali zilizokwisha kutoa elektroni, na kufungamana nazo kwa nguvu, na hapo nishati nyingi hutolewa. Florini inapoteza kidogo katika kupokea, inafidiwa mara mbili kwingine. Ukali wake ndio uliowatesa wakemia kwa miongo mingi hadi Henri Moissan wa Ufaransa alipoitenga kwa umeme mwaka 1886, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Umesema kweli, na nakiri kwamba mfano wangu hautoshi hapo. Moto na duara vinaeleza kwa nini safu nzima inaelekea upande mmoja, lakini mmenyuko una mapato na matumizi yake, na anayetazama mapato peke yake atadanganyika. Kwa kidato cha tatu ningemwachia kijana mfano wa moto kwanza, hesabu hiyo nyingine imngoje mbele.

FundiMaabara

Naandika kama mtu anayezishika elementi hizi kwa koleo, kwani ni fundi sanifu wa maabara ya shule.

Kilichoandikwa hapo juu huonekana kwa macho katika beseni la maji. Kipande kidogo cha lithiamu kikitiwa majini huelea na kutoa mapovu kwa utulivu, kama kidonge kinachoyeyuka. Sodiamu hupata joto la kutosha kuyeyuka, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 98 tu, ikawa tone linalong'aa na kukimbia huku na huku juu ya maji. Potasiamu haisubiri, haidrojeni inayotoka huwaka papo hapo kwa mwali wa rangi ya zambarau. Katika kila moja, maji yanayobaki huwa na tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, ndiyo maana familia ikaitwa alikali. Rubidiamu na sesiamu hazifai kuonekana shuleni kabisa, kwa kuwa hulipuka zikigusa maji. Sesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5, kwa hiyo alasiri ya kawaida ya Dar es Salaam ingetosha kuifanya kimiminika ndani ya chupa yake.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitabu vingi huipita haraka. Sodiamu na potasiamu tunazihifadhi ndani ya mafuta ya taa ili hewa na unyevu visizifikie, nazo huzama na kukaa salama. Lithiamu haitii. Ni nyepesi kuliko mafuta yenyewe, hivyo huelea na mgongo wake kubaki nje. Ikipata hewa yenye unyevunyevu hugeuka nyeusi, kwa sababu humenyuka hata na naitrojeni, jambo ambalo ndugu zake wa chini hawalifanyi kwa urahisi namna hiyo. Kwa tabia hii lithiamu inafanana zaidi na magnesiamu, jirani yake wa mshazari katika jedwali, na mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba mzaliwa wa kwanza wa kila familia ana vituko vyake.

Tahadhari kwa walimu wanaosoma hapa: potasiamu iliyokaa miaka mingi ikajifunika gamba la manjano isikatwe kwa kisu. Gamba hilo lina oksijeni nyingi iliyojikusanya katika kampaundi isiyo tulivu, na kukata kunaweza kusababisha mlipuko hata ndani ya mafuta.

Ukali huu pia ndio sababu hakuna mgodi wa sodiamu mahali popote duniani. Tuna chumvi ya bahari, tuna magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi, lakini sodiamu iliyomo humo ilikwisha kuachana na elektroni yake zamani sana na haina tena haja ya kumenyuka, ndiyo maana tunaweza kuitia kwenye maharage. Kuirudisha iwe metali kulihitaji umeme. Mkemia Mwingereza Humphry Davy alifanya hivyo London mwaka 1807, akapata potasiamu kwanza na sodiamu siku chache baadaye. Alama ya Na imetokana na jina natrium, ambalo lina asili moja na jina la Ziwa Natron. Alama ya K inatokana na kalium, kutoka neno la Kiarabu la majivu ya mimea, kwa sababu majivu yana kampaundi za potasiamu kwa wingi. Wanaopikia mboga maji ya majivu magharibi mwa Kenya wanalijua hilo kwa ulimi. Halihusiani na neno letu "kali", ingawa wanafunzi wangu wanaona linafaa.

AfisaLishe

Nami niingie upande wa halojeni, kwa sababu upungufu wa nguvu za iodini, uliomkosesha kijana alama, ndio unaoamua namna tunavyotengeneza chumvi ya mezani.

Sote tunaijua chumvi yenye madini joto. Madini joto ni iodini, ambayo mwili unaihitaji kwa kiasi kidogo sana ili tezi ya shingoni ifanye kazi yake. Ikikosekana, mtu hupata goita, na mama mjamzito akiikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni hudhurika. Njia iliyo rahisi kufikiriwa ingekuwa kuchanganya chumvi na iodidi ya potasiamu, yaani iodini iliyokwisha kupokea elektroni yake, kama klorini ilivyopokea katika chumvi yenyewe. Lakini hapa ndipo safu wima inapoonekana. Klorini ikishaipata elektroni haiiachii, na kloridi inaweza kukaa baharini na ghalani bila kubadilika. Iodini, iliyo mbali na kiini kwa duara tano, huishikilia elektroni hiyo kwa mkono mlegevu. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na unyevu na mwanga wa jua, huipokonya; iodidi hurudi kuwa iodini tupu, nayo huwa mvuke na kupotea kabla mfuko haujafika jikoni.

Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye joto na unyevunyevu hutumika zaidi iodeti ya potasiamu. Ndani ya iodeti, iodini imekwisha kuunganishwa na oksijeni na kunyang'anywa elektroni tangu kiwandani, hivyo hewa haina cha kuchukua. Mwili wenyewe huigeuza kuwa iodidi baada ya kuliwa. Wakaguzi wa chumvi hutumia tabia hiyohiyo: hudondosha kwenye chumvi matone yenye wanga, asidi na iodidi, na kama iodeti imo, iodini tupu hutokea na kuugeuza wanga kuwa rangi ya buluu iliyokoza.

Kijana anaweza kuona ushindani huu maabara, chini ya usimamizi wa mwalimu. Maji ya klorini yakitiwa katika mmumunyo usio na rangi wa iodidi ya potasiamu, rangi ya kahawia hujitokeza, kwa sababu klorini imempokonya iodini elektroni yake. Ukifanya kinyume, yaani ukatia iodini katika kloridi ya potasiamu, hakuna kinachotokea. Swali alilokosa limejibiwa hapo.

MzaziWaKidato

Nawashukuru sana. Jana jioni nilimsomea kijana yote haya, na habari ya lithiamu kuelea ndani ya mafuta imemkaa kuliko mengine. Mfano wa moto aliuelewa, kisha akaugeuza kuwa swali ambalo mimi sikulitarajia. Anasema haidrojeni nayo ina elektroni moja nje, na katika jedwali lililobandikwa darasani kwao imewekwa juu kabisa ya lithiamu. Mbele ya elektroni hiyo hakuna mgongo wa mtu. Je, ni ya familia ile au si yake?

MwalimuMstaafu

Mpe hongera, kwa maana amekwisha kujijibu. Elektroni ya haidrojeni imeketi peke yake mbele ya moto, hakuna wa kumkinga, na kuing'oa hugharimu kilojuli 1312 kwa moli, zaidi ya mara mbili ya lithiamu. Kwa hiyo haitoi kwa wepesi kama metali alikali, na kwa hali ya kawaida ni gesi, si metali. Tena ganda lake la kwanza hujaa kwa elektroni mbili, maana yake imepungukiwa na moja, kama halojeni. Na kweli, ikikutana na sodiamu huipokea elektroni na kuwa ioni hasi ya haidridi. Imewekwa juu ya lithiamu kwa sababu ya idadi ya elektroni tu, na wako wachoraji wa jedwali wanaoiweka peke yake juu katikati. Kwenye mtihani aiandike katika kundi la kwanza kama jedwali la shule linavyoonyesha, ila akiulizwa mifano ya metali alikali, aanze na lithiamu.